Kwanini Mwanza tunaungua Septemba wakati Dar wanaungua Februari (na baridi ya Julai haihusiani na umbali wa jua)

Kila mwaka ikikaribia Julai kuna meseji inaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Inasema kuanzia kesho alfajiri dunia inasogea mbali na jua, umbali wa kawaida ni kilomita milioni 90 sasa utakuwa milioni 152, itakuja baridi ambayo haijawahi kuonekana, tutakohoa, viungo vitauma, hali itaendelea mpaka Agosti, watumie uwapendao. Ikifika Septemba inaingia nyingine, hiyo inasema jua linapita juu kabisa ya ikweta, joto litafika nyuzi 40, msitoke nje kuanzia saa sita mpaka saa tisa mchana, mnywe maji mengi. Meseji zenyewe wala hazikuandikwa kwa ajili yetu, zimeshazunguka nchi kibao, ila kila moja ina kaukweli kadogo ndani ndo maana watu wanaziamini. Maana Julai alfajiri Mwanza kabaridi kapo kweli, bodaboda wa Buzuruga wanavaa makoti ya nguvu na wengine wanajifunga kanga shingoni, na Septemba mwishoni ni kweli tunaungua.

Kinachokosewa ni sababu. Na ukishakosea sababu kila kitu kitakushangaza: ndugu yako wa Dar analalamika joto Februari wakati wewe hapa umeshapumua, wa Dodoma anakwambia kwao moto ni Novemba, wa Nairobi Julai hajaona jua wiki nzima, na London wiki hiyohiyo watu wamelala kwenye majani ya bustani vifua wazi. Jua ni lilelile moja.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Nikisema joto hapa namaanisha joto la hewa lililopimwa kivulini, ndani ya kile kisanduku cheupe chenye upenyo pembeni, kinachosimama mita moja na kitu juu ya ardhi, ndo wanavyopima TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) na wenzao dunia nzima. Sio joto la bati wala la siti ya pikipiki iliyoachwa juani. Nikisema wastani wa mwezi, hapo joto la mchana na la usiku vimechanganywa, siku zote za mwezi huo, kwa miaka mingi, ikapatikana namba moja. Hali ya hewa ni ya leo na kesho, tabianchi ni mazoea ya mahali, kawaida wanachukua miaka 30. Kwahiyo mtu akisema mwezi fulani ndo wa joto kuliko yote Mwanza anaongelea mazoea, usimshike shati mwaka mmoja ukienda tofauti.

Na kuna kitu kimoja watu wanachanganya sana, kupishana kwa mchana na usiku ni kitu kimoja na kupishana kwa mwezi na mwezi ni kitu kingine. Mwanza ukichukua mwezi wa joto kuliko yote na wa baridi kuliko yote wastani wao unapishana kama digrii mbili tu. Lakini ndani ya siku moja ya Julai unaweza ukaamka kwenye 16 na saa tisa mchana ukawa kwenye 28. Yani ukiuliza baridi ya Mwanza iko mwezi gani, jibu la kweli zaidi ni kwamba iko saa kumi na mbili asubuhi.

Haya, umbali. Njia ya dunia kuzunguka jua sio duara kamili, imebinyika kidogo. Mwanzoni mwa Januari, tarehe 3 mpaka 5 hivi, ndo tunakuwa karibu zaidi, kilomita milioni 147. Mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali zaidi, milioni 152. Kwahiyo ile 152 ya kwenye meseji ni ya kweli kabisa, hiyo 90 ndo wameitoa wanakokujua wao, dunia haifiki huko hata siku moja ya mwaka. Tofauti halisi ni milioni 5, asilimia 3 na kitu, na mwanga tunaoupata Julai ni pungufu kama asilimia 7 ukilinganisha na wa Januari. Sio kwamba haihesabiki, asilimia 7 ni kitu. Lakini sikiliza hii: Julai hiyohiyo tunapokuwa mbali na jua ndo mwezi ambao dunia nzima ikijumlishwa inakuwa ya moto kuliko mwezi wowote. Siku iliyoongoza kwa joto la dunia nzima kwenye kumbukumbu za taasisi ya Ulaya ya Copernicus, zinazorudi nyuma mpaka 1940, ni tarehe 22 Julai 2024, wastani ulipita nyuzi 17. Nchi kavu nyingi iko upande wa kaskazini, na nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, sasa Julai ndo zamu ya kaskazini kulielekea jua, kwahiyo ile asilimia 7 inamezwa na inapitwa. Mimi huwa naishia hapo mtu akinibishia, kama umbali ungekuwa ndo unaamua basi Januari London wangekuwa wanatembea na kandambili.

Kinacholeta majira ni dunia kuinama. Imeinama nyuzi 23 na nusu kasoro kidogo na inabaki imeinamia upande uleule mwaka mzima huku inazunguka, kwahiyo Juni kaskazini ndo inaliangalia jua na Desemba ni kusini. Hapo vinabadilika vitu viwili kwa pamoja, jua linakuwa la juu au la ubavuni, na mchana unarefuka au unafupika. London mwezi wa sita mchana una masaa 16 na nusu hivi, Desemba haufiki hata nane. Johannesburg ni kinyume, baridi yao ni Juni na Julai, hizi kadi za Krismasi zenye theluji huwa zinatudanganya kwamba Desemba ni baridi ya dunia nzima. Na sisi Mwanza? Tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote vinapishana dakika 17 hivi, hakuna mtu anagundua. Kuinama kwa dunia huku kwetu hakuna nguvu sana, na ndo maana vitu vingine vinapata nafasi ya kuamua, nitavifikia.

Sasa kuna swali zuri watu wanauliza. Kama kule kaskazini jua linakuwa juu kabisa tarehe 21 Juni, mbona joto lao kubwa linakuja Julai mpaka Agosti, na baridi yao yenyewe ni Januari na Februari na sio 21 Desemba?

Chukua salio la kwenye simu yako. Kuna hela inaingia, kuna hela inatoka. Siku uliyoingiza nyingi kuliko zote sio lazima ndo iwe siku yenye salio kubwa. Kesho yake ukiingiza pungufu kidogo ya jana, lakini bado matumizi yako yako chini ya ulichoingiza, salio linazidi kupanda tu, na litaacha kupanda siku ile kilichoingia na kilichotoka vimelingana, kuanzia hapo linashuka. Ardhi nayo iko hivohivo, inapokea joto kutoka kwenye jua mchana, na inatoa joto kwenda angani mchana na usiku, haipumziki. Baada ya 21 Juni London wanaanza kupokea pungufu, ila bado wanapokea zaidi ya wanachotoa, kwahiyo joto linaendelea kupanda wiki kadhaa mbele.

Hii unaiona kila siku hapa nyumbani bila kwenda London. Kwa Mwanza jua linakuwa juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana (tuko magharibi, tunatumia saa moja na nchi nzima, jua linatufikia kama dakika 25 nyuma ya Dar, ndo maana mgeni wa pwani anashangaa kwanini huku giza linachelewa). Lakini mchana mkali wenyewe ni kwenye saa tisa. Na baridi kali haiko usiku wa manane kama wengi wanavyodhani, iko alfajiri, jua likiwa linataka kuchomoza au ndo limechomoza, kwa sababu usiku kucha yalikuwa matumizi tu hakuna kilichoingia. Ncha ya kusini wao wanafanya hivyo nusu mwaka, jua likizama mwezi wa tatu linarudi mwezi wa tisa. Kituo cha Vostok kule Antaktika tarehe 21 Julai 1983 walipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri, ndo baridi kuliko zote iliyowahi kupimwa na kipimo cha ardhini.

Halafu kuna suala la maji, na watu wa ziwa tunatakiwa tulielewe kuliko wote. Maji ni mazito kupata moto. Kupandisha kilo ya maji digrii moja unahitaji joto kama mara nne au tano ya lile la kupandisha kilo ya mchanga mkavu. Tena maji yanajichanganya, joto linasambaa mita nyingi kwenda chini, wakati ardhi inapata moto pale juujuu tu, ukifukua kidogo unakuta baridi. Kwahiyo sehemu ya karibu na maji mengi inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa. San Francisco, iko pembeni ya bahari yenye maji baridi, joto lao kubwa linakuja mpaka Septemba wakati Arizona, nchi ileile Marekani, wanaungua mwisho wa Juni. Dar na yenyewe bahari inaivuta nyuma, Desemba jua liko upande wetu wa kusini lakini fukuto lenyewe la kukosa usingizi ni Januari mwishoni, Februari, mpaka Machi. Ukienda mbali na bahari kabisa kama Verkhoyansk kule Siberia unakuta kinyume, Januari wastani uko chini ya 40 hasi, Julai unafika 16 na kitu juu ya sifuri, na tarehe 20 Juni 2020 walipima 38! Sisi digrii mbili, wao karibu 60.

Ziwa Victoria kwa juu maji yake yanacheza kati ya 24 na 27 mwaka mzima, na yanapoa zaidi Julai na Agosti pale upepo mkavu wa kusini mashariki unapovuta mvuke mwingi. Nenda mwaloni Igombe asubuhi ya Julai, jua halijachomoza, uchovye mkono, utayakuta ya vuguvugu kabisa, watoto wanaoga wanacheka na wewe umejikunyata kwenye sweta. Rudi saa nane mchana gusa maji yaleyale, utasema yamepoa. Hayajapoa, kama yamebadilika basi yamepanda kidogo, ni hewa ndo ilikuwa 16 asubuhi na sasa ni 28, na mkono wako unapima tofauti, haupimi joto. Ndo maana wengine wanaapa kwamba ziwa linachemka usiku.

Na ziwa linapuliza. Mchana nchi kavu inapata moto haraka, hewa yake inapanda juu, ya ziwani inakuja kujaza nafasi, ndo ule upepo wa jioni wa Kirumba na Capri Point ambao watu wa Kisesa na Buhongwa wanausikia kwenye hadithi. Usiku mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, pande zote, unakutana huko katikati juu ya maji ya vuguvugu, na ndo maana dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku kuelekea alfajiri, mda uleule wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao. Na wale mliojenga mlimani kwenye miamba, Mabatini huko na Igogo, mwamba ukipigwa na jua mchana mzima haupoi saa moja jioni, unaendelea kutoa joto mpaka usiku, nyumba iliyoegemea jiwe unaweza kuzima taa saa nne ukuta bado wa moto.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe la Mwanza. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mbona linatuunguza mara moja?

Mara ya kwanza ni kama tarehe 14 Machi, mara ya pili kama tarehe 29 Septemba. Jaribu mwenyewe, simamisha fimbo iliyonyooka saa sita na dakika 40 hivi mchana mwisho wa Septemba, kivuli kinapotea kabisa kwenye shina la fimbo. Kama jua peke yake lingekuwa linaamua, Machi na Septemba zingekuwa sawa, na tena Machi ingezidi kidogo maana mwezi huo tuko karibu na jua kuliko Septemba. Lakini uliza mtu yeyote anayeuza maji ya kandoro stendi atakwambia biashara iko mwezi wa tisa na wa kumi.

Machi masika ndo zinaingia. Mawingu yapo, na mawingu yanarudisha mwanga juu kabla haujatufikia. Hata siku zisizo na mawingu ardhi imelowa, miti ina majani, na hapa ndo pana siri ambayo watu wengi hawaijui: kugeuza maji kuwa mvuke kunakula joto jingi mno. Joto la kukausha lita moja ya maji likaisha lote ni kama mara saba ya lile la kuichemsha lita hiyohiyo kutoka kwenye ubaridi wa mtungini. Kwahiyo ardhi ikiwa mbichi sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaishia kukausha, inayobaki kupasha hewa ni kidogo. Septemba sasa, tumetoka Juni, Julai, Agosti mvua karibu hakuna, majani ya kando ya barabara ya Usagara yamekuwa kahawia, vumbi, anga jeupe, jua limekaa utosini na halina cha kukausha. Nguvu yote inaenda kwenye hewa na kwenye paa lako. Kwenye hesabu yetu ya salio, jua la Machi linaingia na kukatwa makato kibao, la Septemba linaingia lote.

Halafu vuli zikishaanza kushika, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, joto linakatwa. Jua halijaenda popote, liko hapohapo juu, Novemba hiyo, ila mawingu yamerudi na udongo umelowa. Mpaka Januari, dunia iko karibu na jua kuliko mda wowote wa mwaka, Mwanza mchana wake uko chini ya ule wa Septemba.

Ukishaelewa hili kuna miji mingi inajieleza yenyewe. Dodoma mvua zao zinaanza Desemba, joto lao ni Oktoba na Novemba. Lusaka hivohivo, Oktoba. Delhi jua linakuwa juu kabisa Juni lakini wao wanateketea Mei na Juni mwanzoni, Julai mvua za monsuni zikiingia mchana unashuka digrii kadhaa japo jua bado liko juu. Khartoum Mei na Juni mchana unapita 40, Agosti wanapata kaunafuu kwa sababu ya mvua, na Agosti hiyo jua ndo linawapita utosini kwa mara ya pili! Hata Arizona niliyoitaja, joto lao kubwa kuja mwisho wa Juni ni kwa sababu Julai wana mvua zao za radi. Nchi za mvua za msimu joto kubwa linakuja mlangoni kwa mvua, kabla haijaingia ndani.

Kina mama wanaoanika dagaa wanaijua hii kalenda bila kuambiwa na mtu. Dagaa wakishushwa asubuhi wanamwagwa kwenye chanja au nyavu, wanatawanywa kwa mkono wasilaliane, na mwezi wa nane au wa tisa kufikia jioni wamekauka kiasi kwamba ukiwashika wanalia kama majani makavu, wanakusanywa kwenye magunia wanaenda Mwaloni Kirumba. Masika, na jua la utosi lipo palepale, wanafunikwa na turubai wanafunuliwa, wanafunikwa, mvua ya asubuhi inawakuta, siku ya pili wana harufu, mzigo unaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ukitaka kujua kama jua kuwa juu kunatosha kaa nao siku moja ya Aprili.

Sasa ile baridi ya Julai. Ni mambo mawili, anga safi na hewa kavu. Usiku ardhi inatoa joto kwenda juu, mawingu na unyevu vikiwepo sehemu ya hilo joto inarudishwa chini, visipokuwepo linaenda moja kwa moja. Kwahiyo kiangazi chetu hichohicho kinachotupa mchana mkali ndo kinachotupa alfajiri ya baridi, sababu ni moja. Ndo maana ukiangalia vipimo, mchana wa Julai Mwanza hauachani sana na mchana wa Januari, kinachoshuka ni usiku. Yule bodaboda mwenye koti saa kumi na mbili, saa tano utamkuta kalifunga kiunoni, saa tisa yuko chini ya mwarobaini anatafuta kivuli.

Wenzetu wa Arusha, Moshi na Nairobi Julai yao ni nyingine kabisa. Wale upepo wa kusi unawaletea unyevu kutoka baharini, unapanda kwenye milima unatengeneza wingu zito la chini, linakaa siku nzima, mchana wenyewe unakosa jua. Usiku wao sio wa ajabu sana ila mchana ndo unakuwa wa huzuni. Mtu wa Arusha akija Mwanza Julai na begi la masweta huwa anayavua saa nne asubuhi na hayavai tena mpaka kesho yake. Njombe na Makete huko ni kisa kingine, kuna urefu wa milima, kuna usiku wa anga jeupe, umande unaganda mashambani. Na Bukoba, ziwa lilelile ila ng'ambo ya magharibi, mvua na mawingu vimetapakaa miezi mingi ya mwaka, kwahiyo miezi yao imebanana, ukinyimwa kalenda huwezi kusema uko mwezi gani kwa joto peke yake.

Kuhusu ile nyuzi 40 ya kwenye meseji ya Septemba. Watu wanaamini ikweta ndo mahali pa moto kuliko pote duniani, sio kweli. Rekodi inayotambuliwa ya joto kuliko yote ni Death Valley huko California, 56.7, tarehe 10 Julai 1913, na hapo ni mbali sana na ikweta. Ikweta ina mawingu mengi na mvua nyingi, moto mkubwa uko kwenye majangwa ambako anga ni jeupe na ardhi haina tone. Sisi juu ya hapo tuna mwinuko, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda kilomita moja hewa inapoa kama digrii 6 na nusu, kwahiyo kabla hujahesabu kingine chochote Mwanza imeshapunguziwa kama digrii saba. Hata zile siku kali za Septemba kipimo cha kivulini mara nyingi kinaishia 30 na kidogo. Ushauri wa kwenye meseji wa kunywa maji hauna shida, kunywa tu.

Kuna wanaosema pia siku hizi majira yamehama, kwamba Septemba haikuwa hivi zamani, ni mabadiliko ya tabianchi. Hapa tutenganishe. Dunia kupata moto ni kweli, Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeuweka mwaka 2024 kuwa wa joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa, kama digrii moja na nusu juu ya ilivyokuwa miaka ya 1850 hadi 1900. Ukirudi kwenye lile salio, gesi za ukaa zimebana kinachotoka wakati kinachoingia ni kilekile, linapanda pole pole. Lakini hiyo haikuifanya Septemba kuwa mwezi wa moto Mwanza, Septemba ilikuwa ya moto hata babu zetu wakiwa vijana kwa sababu ya ukavu na jua la utosi. Ongezeko linapandisha miezi yote, ya moto inakuwa ya moto zaidi na alfajiri za Julai nazo zinapanda.

Kinachobadilika kweli mwaka hadi mwaka, na unakisikia kwenye ngozi, ni siku vuli zinapoanza. Zikiwahi, katikati ya Oktoba tayari tunapumua. Zikisogea mpaka Novemba katikati basi ni wiki nne nzima za ziada za kulala madirisha wazi. Kwahiyo mtu anayetaka kujua Oktoba itakuwaje, anayepanga harusi au anayepaua nyumba, asihangaike na umbali wa jua, asubiri mwelekeo wa mvua za vuli ambao TMA huwa wanautoa mwishoni mwa Agosti hivi, aangalie wameandika nini kwenye kipande cha Kanda ya Ziwa kuhusu wiki ya kuanza.